Kuandaa Uwanja kwa Mashindano ya Kimataifa: Mwongozo wa Nairobi Unaoanzia Langoni

Tarehe 30 Agosti 2025 Morocco iliilaza Madagascar mabao 3-2 katika uga wa Kasarani na kutwaa ubingwa wa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wanaosakata soka katika ligi za nchi zao. Fainali hiyo ilihitimisha mwezi mzima wa kandanda ulioandaliwa kwa pamoja na Kenya, Tanzania na Uganda, na nchi hizo hizo ndizo zilizokabidhiwa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, lenye timu 24 na mechi 52. Kwa hiyo kazi iliyofanywa Nairobi mwaka 2025 itarudiwa kwa ukubwa zaidi, na wengi watakaoifanya ni watu ambao majina yao hayatasomwa kwenye vipaza sauti: wasimamizi wa viwanja, maafisa wa kaunti, viongozi wa vilabu, wakuu wa mastewadi na vijana wa kujitolea. Mwongozo huu ni wao.

Mpangilio wake si wa kawaida. Mipango mingi ya aina hii huanza na majukwaa, ikaendelea kwenye paa, viti na rangi, kisha ikalifikia lango mwishoni, wakati fedha na muda vimekwisha. Hapa tunaanza na lango, kwa sababu ndipo viwanja vinaposhindwa. Mwezi huo wa Agosti, kilichoiletea Kenya adhabu hakikuwa nyasi wala vyumba vya kubadilishia mavazi, bali mashabiki waliovunja ulinzi wakaingia Kasarani bila tiketi katika mechi za Harambee Stars, timu ya taifa, hata CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikaamuru kwamba mechi ya tarehe 17 Agosti dhidi ya Zambia ihudhuriwe na watu 27,000 tu. Katika uwanja wa Nyayo, tarehe 23 Oktoba 2010, watu saba walikufa katika msongamano siku ya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Mjini Yaoundé, tarehe 24 Januari 2022, wanane walikufa nje ya uwanja wa Olembe, Cameroon ikicheza na Comoros, kwenye lango lililokuwa limefungwa ilhali lilipaswa kuwa wazi.

Tarehe inayoamua

Ratiba nyingi za maandalizi huhesabu siku kurudi nyuma kutoka mechi ya ufunguzi, jambo linaloonekana la busara lakini linapotosha. Siku inayoamua ni ile ambayo wakaguzi watatembea uwanjani wakiwa na orodha yao mkononi. Mashindano ya CHAN yaliyomalizikia Kasarani yalipaswa kuanza tarehe 1 Februari 2025. Tarehe 14 Januari, zikiwa zimesalia wiki zisizotimia tatu, CAF iliyasogeza hadi Agosti ili kutoa nafasi ya kukamilisha miundombinu. Safari hiyo tulipewa muda. Mwaka 2017 hatukupewa: mwezi wa Septemba Kenya ilipokonywa CHAN ya 2018, ikapelekwa Morocco. Na wazee wa soka hapa mjini bado wanalikumbuka Kombe la Mataifa la 1996, ambalo Kenya ilikuwa imekabidhiwa kabla halijahamishiwa Afrika Kusini.

Andika basi tarehe ya ukaguzi wa mwisho juu kabisa ya karatasi, kisha uondoe angalau miezi miwili kwa ajili ya majaribio. Tarehe utakayoipata ndiyo mwisho wa ujenzi, hata kama mkandarasi anaona vingine. Baada ya hapo gawanya kazi zote katika mafungu matatu: zilizokamilika na kujaribiwa, zilizokamilika lakini hazijajaribiwa, na zisizokamilika. Fungu la kwanza pekee ndilo litakalohesabiwa. Bomba lililofungwa juzi na ambalo halijawahi kupitisha maji haliwezi kuandikwa kuwa choo. Kila kazi iwe na jina la mtu mmoja anayeiwajibikia, si jina la idara, maana idara haipigiwi simu saa kumi na moja alfajiri.

Uwanja unachukua watu wangapi hasa

Ukiulizwa uwanja wako unachukua watu wangapi, usijibu kwa idadi ya viti. Kasarani, uliofunguliwa mwaka 1987 kwa ajili ya Michezo ya Afrika, ulitajwa kwa miaka mingi kuwa wa watu 60,000. Siku hizi, kwa viti vya mtu mmoja mmoja, hutajwa takwimu iliyo chini ya 50,000. Hata hiyo ya pili ni idadi ya makalio tu. Haielezi watu hao watapitia wapi, kwa muda gani, na watatokaje moshi ukianza kupanda.

Mwongozo wa usalama viwanjani unaotumiwa Uingereza, ambao wasimamizi wa nchi nyingi huuazima, unafundisha njia iliyo rahisi na isiyo na huruma. Unafanya hesabu nne tofauti: watu wanaoweza kukaa na kuona mchezo, watu wanaoweza kuingia kwa muda wa saa moja, watu wanaoweza kutoka kwa muda wa kawaida baada ya mechi, na watu wanaoweza kuondolewa wakati wa hatari. Ukishazipata zote nne, unachukua iliyo ndogo kuliko zote, na hiyo ndiyo idadi ya tiketi utakazouza.

Tuchukue mfano wa uwanja wa viti 30,000. Katika hesabu ya kwanza ondoa viti vilivyovunjika, vilivyozibwa na majukwaa ya kamera, na vile ambavyo aliyeketi haoni kona moja ya uwanja. Katika hesabu ya pili tumia kiwango cha juu cha watu 660 kwa saa kwa kila chuma cha kuzunguka kinachopitisha mtu mmoja mmoja: uwanja wenye vyuma 40 utapitisha watu 26,400 kwa saa, kila kitu kikienda sawa. Katika hesabu ya tatu mwongozo huo unakadiria kwamba watu 82 hupita kwa dakika katika kila mita moja ya upana wa njia tambarare, na 66 katika kila mita ya ngazi, na kwamba majukwaa yanapaswa kuwa yamemwaga watu ndani ya dakika nane. Njia tambarare zenye jumla ya mita 40 zitatoa watu 26,240 katika dakika hizo. Lakini kama kabla ya kufika huko wote wanashuka ngazi zenye jumla ya mita 40, hesabu inaanguka hadi 21,120. Mwenye viti 30,000 amejikuta na uwanja wa watu 21,120, na hakuna rangi wala paa litakaloibadilisha idadi hiyo. Atapanua ngazi au atapunguza tiketi.

Pima ngazi kwa mkono, kwa futi ya chuma, mahali palipo pembamba kabisa. Usitegemee ramani. Ramani haioni kibanda cha soda kilichoongezwa mwaka uliofuata wala chuma cha kuzuia pikipiki kilichochomelewa katikati ya njia. Na mahali ambapo njia mbili zinakutana na kuwa moja, hesabu upana wa ile moja.

Hesabu ya nne, ile ya hatari, inahitaji mhandisi na idara ya zimamoto, kwa kuwa muda unaoruhusiwa hutegemea jinsi jukwaa linavyoweza kushika moto. Jukwaa la mbao lina dakika chache kuliko la zege. Lililo wajibu wa msimamizi ni dogo na halina gharama: kila mlango wa kutokea ufunguke kuelekea nje, na usiwe na kufuli mtu yeyote akiwa ndani. Hoja ya kwamba kufuli huzuia wasio na tiketi nimeisikia mara nyingi na siikubali. Dawa ya wasio na tiketi ni stewadi aliyesimama mlangoni akiwa na redio.

Lango, tiketi na mstari

Kiwango cha watu 660 kwa saa ni dari, na Nairobi hatulifikii dari hilo siku ambazo mtu anapekuliwa, anatoa simu, anatafuta ujumbe wa tiketi, anaongeza mwangaza wa skrini ili msimbo usomeke, kisha anasubiri mtandao. Kaa langoni siku ya mechi ya ligi na saa mkononi, upime wewe mwenyewe. Ikiwa kila mtu anachukua sekunde kumi, chuma kimoja kinapitisha watu 360 kwa saa, na vyuma 40 vinapitisha 14,400. Watu 30,000 watahitaji zaidi ya saa mbili, na hiyo ni iwapo watakuja kwa mfululizo ulio sawa, jambo ambalo hawalifanyi. Mechi ikianza saa moja usiku siku ya kazi, wengi watafika kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasorobo. Kwa hiyo milango ifunguliwe zikiwa zimesalia saa tatu kabla ya mechi, na pawe na sababu ya kuingia mapema: chakula cha bei inayovumilika, muziki, vyoo safi, na kivuli.

Tatizo la simu litatuliwe mbali na chuma. Panga vizingiti vinne, kila kimoja kikiwa na kazi moja tu. Cha kwanza kiko barabarani, mbali na ukuta, na kazi yake ni kuzuia magari na kuwaeleza wasio na tiketi mahali pa kwenda. Cha pili kinaangalia kwa macho kwamba mtu ana tiketi ya siku hiyo na ya upande huo wa uwanja. Hapo ndipo wahudumu huwasaidia wenye simu zilizozimika au ujumbe uliopotea, kwenye meza iliyowekwa pembeni ya mstari. Cha tatu ni cha upekuzi, wanawake wakipekuliwa na wanawake. Cha nne ni chuma chenyewe, na mtu anayekifikia awe amebakiwa na kazi ya kupitisha msimbo peke yake. Mashine za kusoma misimbo zihifadhi orodha nzima ya tiketi ndani yake, ili mtandao ukizidiwa na maelfu ya simu mahali pamoja, mstari usisimame.

Kasarani ina bahati ya uwanda mkubwa ndani ya ua wake, kwa hiyo vizingiti vyote vinne vinaweza kupangwa kwa nafasi. Nyayo haina bahati hiyo. Ukuta wake unakaribiana na barabara, na ukitaka kizingiti cha kwanza itabidi ukiweke kwenye lami, maana yake ufunge barabara. Anayepanga mechi Nyayo bila makubaliano ya maandishi na polisi wa trafiki kuhusu saa ya kufunga barabara bado hajaanza kupanga.

Wasio na tiketi watakuja. Timu ya taifa ikishinda mechi ya kwanza, watakuja wengi zaidi katika ya pili, na hilo ndilo tuliloliona mwaka 2025 baada ya Harambee Stars kuifunga DR Congo 1-0. Kuwatisha hakutoshi; wapewe pa kwenda. Skrini kubwa katika Uhuru Park, Kamukunji, na viwanja vya Jacaranda kule Embakasi, zenye ulinzi na vyoo kama vya uwanjani, zitapunguza presha ya lango kuliko magari ya polisi. Zitangazwe redioni tangu siku moja kabla, na itangazwe pia kwa sauti isiyo na utata kwamba tiketi zimekwisha na kwamba hakuna tiketi inayouzwa langoni.

Ufike wakati ambapo, pamoja na hayo yote, umati unasukuma. Hapo kuna maamuzi matatu ya kufanya, na mpangilio wake ni muhimu. La kwanza ni kuzuia chanzo: mwambie msimamizi wa kizingiti cha barabarani asimamishe watu kule mbali, ambako bado wana nafasi ya kupumua. La pili ni kuongeza njia, kwa kufungua milango ya akiba ambayo ina wahudumu tayari. La tatu ni kuchelewesha mechi na kulitangaza jambo hilo nje kwa vipaza sauti, kwa Kiswahili kwanza, kwa sababu anayejua kwamba mpira haujaanza hasukumi kwa nguvu ile ile. Lisilofaa kamwe ni kulifunga lango ghafla mbele ya mstari uliojaa, au kuuelekeza mstari mzima kwenye lango jingine. Walio mbele watasimama, walio nyuma hawataona sababu, nao wataendelea kuja. Mabomu ya machozi hayana nafasi katika mpango huu. Yanawafanya watu wakimbie bila kuona, tena katika njia ambazo upana wake tumeupima kwa watu wanaotembea.

Mastewadi wanahitaji siku za mafunzo ndani ya uwanja wenyewe, si katika ukumbi wa hoteli. Kila mmoja ajue lango lake, lango la jirani, choo cha karibu, kituo cha huduma ya kwanza, na neno la siri la redioni la kutangaza hatari. Walipwe siku hiyo hiyo. Stewadi anayedai malipo ya mechi tatu ndiye huyo huyo atakayeombwa na binamu yake amfungulie mlango wa pembeni.

Nyasi

Uwanja wa mashindano haya hupimwa mita 105 kwa 68, na hilo ndilo jambo rahisi kuliko yote. Gumu ni muda. Juni hadi Agosti Nairobi huwa na baridi na mawingu, jua huonekana kwa saa chache, na nyasi hukua polepole. Kipande kilichobandikwa Juni kitakuwa bado kinang'oka kwa vidole mwezi mmoja baadaye. Kazi zote za kupanda na kubandika zikamilike mvua za masika zikiwa bado zinanyesha, yaani kabla ya mwisho wa Mei. Mvua hizo hizo ndizo zitakazoujaribu mfumo wa kupitisha maji bila gharama. Mvua kubwa ikikatika, tembea uwanjani kwa miguu baada ya nusu saa, uweke alama kila mahali ambapo kiatu kinazama au maji yamesimama. Alama hizo ndizo kazi ya wiki inayofuata.

Adui mkubwa wa nyasi za Nairobi ni wageni waheshimiwa. Kasarani na Nyayo ni viwanja vya taifa kwa kila maana: hapo huadhimishwa sikukuu, huapishwa marais, kama ilivyokuwa Kasarani tarehe 13 Septemba 2022, na huandaliwa riadha. Mahema, viti vya plastiki, gwaride na kurusha nyundo vyote vinaacha alama ambazo mpira utaziona. Anayesimamia uwanja aombe barua, iliyotiwa saini na ofisi iliyo juu ya zote zinazoweza kumpigia simu, ikisema kwamba kuanzia tarehe fulani uwanja umefungwa kwa shughuli nyingine zote. Bila barua hiyo, ahadi ya mdomo itavunjika mara ya kwanza mtu mkubwa atakapohitaji mahali pa mkutano.

Uwanja wa Talanta, unaojengwa kwa watu 60,000 kando ya Ngong Road karibu na Jamhuri, hauna historia hiyo ya matumizi mchanganyiko, lakini una changamoto yake: viwanja vyenye paa pana hutupa kivuli kwenye nyasi, na sehemu isiyopata jua hudhoofika kwanza. Pima saa za jua katika kila robo ya uwanja kabla ya kuamua ratiba ya kumwagilia na kukata.

Viwanja vya mazoezi husahaulika hadi timu ziwasili. Nairobi iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 na zaidi, na timu zinazotoka pwani au nchi tambarare hupenda kufika mapema ili miili izoee hewa nyepesi na wachezaji wazoee mpira unaosafiri kasi. Hivyo viwanja vya mazoezi, kama vile Ulinzi Complex kule Lang'ata au Police Sacco kule South C, vitabeba mzigo kwa siku nyingi kuliko uwanja wa mechi wenyewe. Nyasi zake zifanane na za uwanja wa mechi kwa aina na kwa kimo, na kila timu iwe na uwanja wa akiba ulioonyeshwa tangu mwanzo, kwa sababu siku ya mvua hakuna kocha anayekubali kuambiwa asubiri.

Umeme, taa na vyumba

Hapa orodha ya mkaguzi ni ndefu lakini mambo yenyewe hayana siri: vyumba vinne vya kubadilishia mavazi ikiwa mechi mbili zitachezwa siku moja, chumba cha waamuzi, chumba cha vipimo vya dawa zilizopigwa marufuku chenye choo chake, nafasi ya wanahabari yenye meza, umeme na intaneti, njia ya wachezaji isiyokutana na ya mashabiki, na chumba cha mfumo wa video wa VAR chenye waya zisizokanyagwa na mtu. Fuata orodha hiyo kama ilivyo.

Taa pekee ndizo zinazohitaji neno la ziada. Mashindano makubwa hutaka mwangaza wa laksi 2,000 hivi ili kamera zionyeshe marudio ya polepole bila giza. Kiwango hicho kikifikiwa, swali linalobaki ni nini hutokea umeme ukikatika. Taa za aina ya zamani za gesi, zikizimika hata kwa sekunde moja, huhitaji dakika nyingi kupoa kabla ya kuwaka tena, ilhali za LED huwaka papo hapo. Kwa hiyo jenereta peke yake haitoshi kama taa ni za zamani. Taa ziwe zinaendeshwa na jenereta tangu mwanzo wa mechi na umeme wa Kenya Power uwe wa akiba, au pawe na betri za kuziba pengo. Fanya jaribio la kweli: usiku, taa zote zikiwa zimewaka, mtu azime swichi kuu bila kuwaarifu mafundi, na mwingine ahesabu sekunde.

Barabara na majirani

Kasarani hufikiwa kutoka Thika Road na kutoka barabara ya Mwiki, na mtu yeyote anayeishi upande huo anajua jinsi barabara ya Mwiki inavyokuwa jioni hata siku isiyo na mpira. Nyayo iko mahali ambapo Uhuru Highway, Mombasa Road na Lang'ata Road zinakutana, kwa hiyo mechi ya jioni hukutana na nusu ya mji ikirudi nyumbani. Talanta itategemea Ngong Road, yenye majirani wengi na maonyesho ya Jamhuri kila mwaka. Kila uwanja unahitaji mpango wake. Kunakili mpango wa Kasarani na kuubandika Nyayo ni kupoteza karatasi.

Chora njia tatu zisizogusana: ya timu na waamuzi, ya mashabiki, na ya magari ya wagonjwa. Kwa timu, barabara ya juu ya Expressway kati ya Mlolongo na Westlands imerahisisha safari za uwanja wa ndege na hoteli, lakini andaa njia ya chini pia, na dereva aijue. Kwa magari ya wagonjwa, njia isivuke mstari wa mashabiki popote. Kutoka Nyayo hospitali kubwa iliyo karibu ni Kenyatta, na kwa Kasarani kuna ile ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Hospitali hizo zipewe ratiba ya mechi mapema, na gari la wagonjwa liendeshwe katika njia hiyo siku ya mechi ya majaribio, saa ile ile ya msongamano.

Mashabiki wengi watakuja kwa matatu, si kwa magari yao, na mpango wa maegesho usiosema lolote kuhusu matatu ni mpango wa wachache. Zungumza na viongozi wa sacco wenyewe. Hao ndio wanaoweza kuwaambia madereva wao washushie watu mahali palipokubaliwa na, lililo gumu zaidi, wawe wamepanga magari pale pale filimbi ya mwisho ikipulizwa. Mechi ya saa moja usiku huisha karibu saa tatu, na ikiingia kwenye muda wa ziada na penalti, kama ilivyofanya robo fainali ya Kenya na Madagascar, watu hutoka usiku zaidi. Nauli ya kurudi ikubaliwe kabla na kutangazwa. Wahudumu wa bodaboda wapewe steji yenye mipaka iliyochorwa, umbali wa kutosha kutoka langoni, maana pikipiki mia moja zikisubiri mbele ya mlango wa kutokea zinaharibu hesabu yote tuliyoifanya ya mita na dakika.

Wachuuzi nao wasifukuzwe siku ya mechi. Askari wa kaunti akimkimbiza muuza jezi, watu wanaomzunguka pia hukimbia bila kujua kwa nini. Wachorewe eneo lao wiki moja kabla, wapewe vibali, na waelezwe wazi ni njia zipi hazipaswi kuwekwa bidhaa. Wenyeji wa nyumba zilizo ndani ya barabara zitakazofungwa wapewe kadi za kupitia. Mkutano mmoja na chama cha wakaazi huokoa mabishano mengi kwenye kizingiti.

Majaribio, siku yenyewe na usiku wake

Uwanja usijaribiwe kwa mara ya kwanza na mechi ya ufunguzi. Tumia mechi za ligi kuu, uongeze umati hatua kwa hatua: kwanza jukwaa moja, kisha nusu ya uwanja, na mwisho Mashemeji Derby ya Gor Mahia na Leopards, ambayo ndiyo mtihani halisi wa lango lolote la Nairobi. Katika kila mechi, pima mambo manne: muda wa mtu kutoka barabarani hadi kitini, muda wa kumaliza kutoka, sekunde za kuwaka kwa taa za akiba, na dakika za gari la wagonjwa kufika lango la hospitali. Usipopata namba, hujajaribu.

Siku ya mechi pawe na chumba kimoja cha uongozi kinachoona malango yote kwa kamera, na ndani yake wakae pamoja polisi, zimamoto, madaktari, mkuu wa mastewadi na afisa wa CAF. Mtu mmoja miongoni mwao, aliyetajwa kwa maandishi, awe na mamlaka ya kuomba mechi icheleweshwe bila kutafuta ruhusa kwa waheshimiwa walioketi jukwaa kuu. Chumba hicho kihesabu walioingia kwa kila lango kila baada ya dakika 15, na jukwaa likikaribia idadi yake, lango lake lipunguze kasi mapema, kabla halijajaa.

Dakika 15 kabla ya mechi kuisha, milango yote ya kutokea iwe wazi na stewadi awe kwenye kila mmoja. Vizuizi vya upekuzi viondolewe njiani, kwani vilivyosaidia kuingia ndivyo vitakavyowaangusha wanaotoka. Taa za nje zisizimwe hadi matatu ya mwisho iondoke. Kisha, kabla wasimamizi hawajatawanyika, wakae nusu saa na namba za usiku huo mezani, waandike kilichokwama na jina la atakayekirekebisha kabla ya mechi inayofuata. Na wakati huo huo watunza nyasi wawe uwanjani na taa zao, wakirudisha vipande vilivyong'oka mahali pake, kwa sababu kipande kilichokaa usiku kucha kikiwa kimepinduliwa hakishiki tena.